Barua kwa mwanangu: usiniambie hakuna jipya

Mwanangu, mama,

Juzi nimekupigia nikakuuliza habari za huko ukanijibu "hakuna jipya baba, ni kazi na kulala tu", tukagusia mambo ya bili kidogo na hali ya mama yako alafu ukaaga maana ulikuwa umechoka. Sijakasirika, usinielewe vibaya. Ila lile jibu limenikaa kichwani, nikaona simu haitoshi ngoja nikuandikie, na we unamjua baba yako akianza kuandika hajui kukata, kwahiyo tafuta mahali ukae.

Mi siamini kama hakuna jipya. Katikati ya ile simu si ulicheka wewe? Ulikuwa unanisimulia yule mwenzako wa kazini aliyempungia mtu mkono kwa bashasha zote akidhani anasalimiwa yeye, kumbe anasalimiwa mtu wa nyuma yake, ukacheka mpaka pumzi ikakata, na haikupita hata dakika ukasema hakuna jipya. Sasa ile ilikuwa nini? Furaha za namna hiyo hatuzihesabu, tumeshajiwekea kwamba furaha ni cheti, ni kupanda cheo, ni harusi, ni kuhamia kwako. Hayo yote nakuombea, tena usiku na mchana, lakini hebu niambie kwenye maisha ya mtu yanatokea mara ngapi. Sehemu kubwa iliyobaki ni siku za kawaida tu, za kuamka, kutoka, kurudi na kulala.

Najua saivi unasema baba ataanza na watafiti wake. Ndio naanza. Mwaka 1978 kule Marekani mwanasaikolojia anaitwa Philip Brickman na wenzake wawili waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu wakawalinganisha na watu wengine 22 ambao hawakushinda chochote. Kwanza hawakukuta washindi wamewazidi wenzao furaha kwa kiasi cha maana, lakini mi kilichonishika ni hiki kingine, waliwauliza mnafurahia kiasi gani vitu kama kupiga stori na rafiki, kusikia kichekesho, kupata kifungua kinywa, kusifiwa, na hao walioshinda ndo walikuwa wanavifurahia kidogo kuliko wale wengine! Yaani ile raha kubwa imekuja ikafanya hizi ndogo zionekane takataka. Sasa nisikudanganye, watu 22 ni kundi dogo, na miaka ya karibuni kuna utafiti mkubwa zaidi wa Sweden umeonyesha kwamba walioshinda hela nyingi wanaridhika na maisha yao kwa muda mrefu tu, kwahiyo sikwambii hela haina maana, itafute mama, kwa jasho. Nachokwambia ni kwamba uwezo wa kufurahia vitu vidogo unaweza kufa ganzi, na unakufa taratibu bila wewe kujua, usije ukawa unauacha ufe wakati hata hiyo bahati nasibu yenyewe hujashinda.

Na sababu kubwa mi naona ni kwamba hatupo pale tulipo. Kuna utafiti mwingine wa 2010 wa chuo cha Harvard, Killingsworth na Gilbert, walikuwa wanawashtua watu kwa simu muda wowote wanawauliza saivi unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje, watu 2,250. Wakakuta karibu asilimia 47 ya muda mtu anawaza kitu tofauti na anachofanya, na akili ikiwa imezurura hivyo furaha ya watu inapungua. Hata wakizurura kwenye mawazo matamu hawawi na furaha kuliko aliyetulia kwenye jambo lake, hiyo ilinishangaza. Mwili uko bafuni unaogeshwa na maji mazuri ya moto, akili iko kwenye kikao cha kesho inagombana na bosi ambaye na yeye saa hizo amelala zake.

Kwahiyo kinachotakiwa si kitu kikubwa. Ukivua viatu baada ya kusimama siku nzima, kuna sekunde chache pale vidole vinapojinyoosha, kaa nazo hizo sekunde usikimbilie simu. Ukigeuza mto usiku ukakuta upande wa pili una ubaridi. Ukishtuka usingizini ukidhani umechelewa alafu unaangalia saa unakuta bado una muda wa kulala, aisee hiyo mi naiweka juu kuliko sikukuu nyingi nilizowahi kusherehekea. Au wimbo uliokuwa unakusumbua jina lake tangu asubuhi unakujia wenyewe ukiwa unaosha vyombo. Na ile harufu ya mvua ikigonga ardhi kavu, hivi unajua sehemu yake inatengenezwa na bakteria walioko kwenye udongo? Kuna kemikali wanaitoa inaitwa jiosmini, na pua ya binadamu inainusa hata ikiwa chembe kidogo mno, yaani pua hii hii unayoifutafuta kila siku inaweza jambo kubwa hivyo na hakuna anayeipongeza. Haya nimetoka nje ya mada kidogo.

Ila usije ukaigeuza hii ikawa kazi nyingine. Nawaona watu saivi kila kitu wamekifanya zoezi, wana orodha ya kushukuru asubuhi, ya kushukuru jioni, wakisahau siku moja wanajiona wana dhambi. Mi hapana. Na kuna siku ni chungu tu, umefiwa, umesemwa vibaya, unaumwa, siku hiyo mtu akikwambia tafuta jambo la kufurahia mwache apite hana adabu. Lia. Huzuni ina siku zake na wala haihitaji uichangamshe. Nachosemea mimi ni hizi siku za katikati, ambazo si nzuri wala si mbaya, ndo zinazotuponyoka nyingi.

Kama utataka kuandika andika kimstari kimoja unapojisikia, tena kitu cha hovyo kabisa, mliongea nini wakati mnangoja lifti, nani alikosea kusema nini. Maana kuna watafiti 2014, Ting Zhang na wenzake, waliwaambia wanafunzi waandike mambo yao ya kawaida ya wakati ule, stori za mwisho walizopiga, nyimbo wanazosikiliza, alafu waliporudishiwa baada ya miezi mitatu yaliwavutia kuyasoma kuliko walivyokuwa wametabiri. Kumbe tunayoyaona ya kawaida leo hatujui bei yake. Mi na mama yako tuna daftari la zamani la matumizi ya nyumbani, pembeni ya hesabu mama yako alikuwa anaandika maneno uliyokuwa unayatamka vibaya ukiwa mdogo, zile hesabu hakuna anayezijali tena lakini yale maneno tunayasoma mpaka leo tunacheka kama wehu. Sitakutajia ni yapi, ukija utasoma mwenyewe.

Na jambo la mwisho, ambalo kusema kweli ndo limenifanya nikae chini niandike. Ukipata kitu kikakufurahisha mwambie mtu. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Shelly Gable, mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba mtu akisimulia jambo zuri lililomtokea raha yake inaongezeka zaidi ya ile ya jambo lenyewe, hasa kama anayesikiliza naye anachangamka, siyo yule wa "mh, sawa". Sasa mimi hapa nina kazi gani nyingine? Nikikuuliza habari za huko sitaki ripoti, sihitaji uwe umepandishwa cheo ndo uwe na la kuniambia. Nitumie hata vois ya sekunde kumi usiku wa manane, nitaisikiliza asubuhi na nitachangamka, tena nitaipiga kwa sauti mpaka majirani waulize kuna nini.

Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usilale na nywele zimelowa. Mdogo wako amejifunza kupiga mluzi, wimbo mmoja tu, anaupiga kuanzia anapoamka mpaka anapoambiwa kalale, mama yako anamgombeza kwamba anamtoboa masikio lakini jana nimepita jikoni nimemkuta yeye mwenyewe anaufuatisha, aliponiona akajifanya anapuliza moto.

Baba yako