Kifungua mimba si kila mtoto mkubwa

Mhariri,

Wiki iliyopita mliandika habari za familia moja ya hapa Nairobi, mkamtaja bwana mmoja kuwa "kifungua mimba cha pili cha marehemu". Mimba hufunguliwa mara moja. Ikiwa marehemu alioa wake wawili na bwana huyo ni wa kwanza kwa mke mdogo, basi ni kifungua mimba wa mama yake, na hivyo ndivyo mngeandika. Tena ni "wa", si "cha", kama tusemavyo kiongozi wetu na kijana wangu.

Nina sababu ya kulishughulikia neno hili. Mamangu alipofariki, tulikaa kamati ya mazishi nyumbani Kayole. Kijana aliyekuwa akiandika tangazo la tanzia aliniuliza, "Wewe ndiye fastiboni?" Nikaitikia, naye akaandika "kifungua mimba". Mama mdogo alivaa miwani, akasoma, akaomba kalamu na kulikata neno lile. "Wewe ni mkubwa wao," aliniambia. "Kifungua mimba wa dadangu alikuwa msichana. Aliishi siku tisa."

Nilikuwa na miaka 46 na sikuwahi kumsikia akitajwa. Jina lake liliandikwa juu ya langu.

Neno lenyewe ni la tumbo la mama. Biblia nayo, katika Kutoka sura ya 13, humtaja mzaliwa wa kwanza kuwa ndiye afunguaye tumbo. Ukubwa unaweza kumwangukia mtoto yeyote wenzake wakitangulia mbele ya haki, ila aliyefungua mimba ni huyo huyo, awe hai au amefariki. Ndugu zetu wa Pwani wana "mwanambee", na mbee kwao ni mbele: mwana aliyetangulia. Kwa aliyesalia, "mkubwa wetu" linatosha kabisa.

Fastiboni silikatai mtaani. Hapa mjini limekuwa jina la mlipa karo ya wadogo zake, na kila mtu analielewa hivyo. Lakini watoto wa shule hukata kurasa zenu wakaokote misamiati ya insha, na watakachokuta humo ndicho watakachoandika.

Naomba mwandishi wenu aipigie simu familia ile, amuulize mama mmoja mtu mzima ni nani hasa aliyetangulia kuzaliwa, kisha mchapishe sahihisho.

Msomaji wenu,
Kayole, Nairobi