Zuhura, kabla hujaagiza chipsi Kigoma

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Nimefurahi kusikia uhamisho umepita na mwezi ujao unaripoti huku. Umeniuliza mambo mawili, nyumba na chakula. La nyumba tutaongea kwa simu, maana lina mabishano. La chakula nakuandikia ulisome taratibu, kwa sababu wiki za mwanzo hutakuwa na jiko, jioni utakula chipsi kama kila mgeni, na tumbo lako nalijua.

Umesema vibanda hutavigusa, utakula kwenye mgahawa wenye vigae na televisheni. Hapo nakupinga. Vigae vinapigwa deki asubuhi na vinang'aa hadi usiku, lakini jikoni kuna mlango, na nyuma ya mlango ule huoni kitu. Banda la mabati liko wazi: karai unaliona, ndoo unaiona, mkaangaji naye unamwona anapofutia mikono. Basi popote utakapokaa, kwenye mabati au kwenye vigae, tafuta maji na mikono kwanza. Kuta zitasubiri.

Anza na ndoo ya koki ya kunawia. Ndoo kuwepo si hoja. Je, ina maji? Kipande cha sabuni kimelowa au kimekauka hadi kupasuka? Kilichopasuka hakijaguswa tangu jana, hata na wahudumu. Kisha angalia vyombo vinakooshewa. Inavyotakiwa ni mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuzia, na la maji yenye dawa. Mengi utakayoyakuta ni mawili, na ikifika saa mbili usiku lile la kusuuzia limeshakuwa supu. Ukiletewa sahani, pitisha kidole chini yake, upande ambao hakuna anayeuangalia. Kikiteleza, imeoshwa kwa maji ya baridi na sabuni ya kuonjesha. Sahani ikija na majimaji huku mhudumu anaifuta mbele yako kwa tambara la begani, mwambie asiifute. Tambara bichi kwenye joto la huku ni shamba la vijidudu: limefuta meza, limefuta kisu, limefuta jasho, sasa linafuta sahani yako. Sahani safi hukaushwa na hewa juu ya kichanja.

Ukija kuzoeana na mwenye banda (na utazoeana, nakujua), mpe hesabu ya dawa. Ile ya maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kinatosha lita 2 za maji. Chombo kioshwe kwa sabuni kwanza, kisuuzwe, ndipo kizamishwe dakika mbili. Wanaoimimina dawa kwenye beseni la sabuni wanaipoteza bure, kwa kuwa mabaki ya chakula huila nguvu yake kabla haijafika kwa vijidudu.

Usione haya kuuliza maji yametoka wapi. Ziwa liko pale mbele, na kuna watakaokwambia maji ni maji tu. Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kijiji cha mwambao karibu na mpaka wa Burundi, wakimbizi walipokuwa wamebanana pale. Kwa hiyo mtu wa huku ukimuuliza habari ya maji hatakuona una maringo.

Sasa mikono. Mtu mmoja anapokaanga, anapokea noti, anarudisha chenji, kisha anachota kachumbari kwa vidole, ondoka, hata kama chipsi zake zinanukia hadi stesheni. Tafuta penye watu wawili, mmoja wa hela na mmoja wa moto. Lipa namba inasaidia, ingawa simu yenyewe nayo ina uchafu wake. Na usidanganywe na glovu. Mkono mtupu ukishika mafuta unanata, mtu anaenda kunawa. Mwenye glovu hasikii kitu, kwa hiyo anashika noti, kuku mbichi na limau kwa glovu ile ile jioni nzima.

Mafuta nitayasema kwa kirefu, kwa sababu hapa Kigoma macho ya mtu wa Tabora yatakudanganya. Wewe umezoea alizeti: yakiwa meupe ni mapya, yakiwa ya kahawia yamechoka. Huku kuna wanaokaangia mawese, ambayo ni mekundu tangu kwenye dumu, na yakichomwa kwa moto mkali wekundu unapotea, yanakuwa ya njano tu. Yaani mapya yanaweza kuonekana machafu na ya zamani yakaonekana masafi. Achana na rangi. Angalia moshi: mafuta yaliyochoka hutoa moshi kabla hata kiazi hakijaingia. Angalia povu: kiazi kikitumbukizwa kwenye mafuta mazuri, mapovu makubwa hupanda na kupasuka haraka, lakini mafuta mabovu hutoa povu dogo dogo kama la sabuni ambalo halitulii. Kwenye ukingo wa karai tazama kama kuna utando unaonata mfano wa asali iliyoganda. Halafu kuna harufu inayokwaruza koo, hiyo huhitaji kufundishwa.

Yanaharibika kwa nini? Maji ya viazi, makombo yaliyoungua chini, chumvi, na kukaa motoni tangu mchana. Ndiyo maana mkaangaji mzuri hukausha viazi kabla ya kuvitumbukiza, hutia chumvi baada ya kuviopoa, na usiku huyachuja mafuta kwa kitambaa safi na kuyafunika. Kuongezea mapya juu ya ya zamani, kama wengi wanavyofanya, hakuyafanyi ya zamani kuwa mapya. Ni haya mapya yanayozeeka kabla ya wakati wake.

Chipsi zenyewe hazinitishi sana. Viazi humenywa, hukatwa, hulowekwa kwenye ndoo ili wanga utoke visigandane, kisha hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, nyuzi 150 hadi 160, dakika tano au sita, vikalainika bila kubadilika rangi. Hizo ndizo zile zilizopauka unazoziona kwenye kabati la kioo. Ukiagiza, zinarudishwa kwenye moto mkali wa nyuzi 180 na kitu, dakika mbili tatu. Kinachoharibu ni haraka. Foleni ikiwa ndefu mkaangaji hujaza karai, joto linashuka, na chipsi zinakunywa mafuta badala ya kukaangwa. Sikiliza tu: zikiingia bila kelele, mafuta yamepoa. Mwambie, "Kaka, acha yapate moto kwanza, mimi nasubiri." Ukiwa mpole hatakasirika. Vipande vyenye ngozi ya kijani viache pembeni, uchungu wake si wa moto, ni sumu ya kiazi kilichopigwa na jua.

Kwenye zege, yaani chipsi mayai, shida ni bakuli. Wengine hupiga mayai kumi na tano alasiri na kuyaacha mezani hadi usiku ili wahudumie haraka. Yai lililopasuliwa halina tena ganda la kulilinda. Omba yapasuliwe mbele yako, na likija libonyeze katikati kwa kijiti cha meno. Likitoa uteute, lirudi kwenye moto.

Kuku ndiye wa kuogopa. Huyu wa kisasa huchemshwa mchana, hukaa kwenye ndoo na mchuzi wake, kisha hukaangwa mteja akifika. Ule uvuguvugu wa ndoo, juu ya nyuzi 5 na chini ya 60, ndio vijidudu wanaoupenda, na kukaangwa dakika tatu kunababua ngozi tu. Paja likifika, livunje kwenye kiungo. Mvuke utoke, nyama iwe ya moto hadi kwenye mfupa. Wekundu kidogo karibu na mfupa usikutishe, kuku mdogo huwa hivyo hata akiiva. Kinachosema kweli ni joto. Wakikujibu "moto utaua vijidudu, dada", jua kwamba kuna vijidudu, hasa wa puani na wa vidonda vya vidole, ambao huacha sumu kwenye chakula kilicholala kwenye joto. Moto unawaua wenyewe, sumu inabaki. Kwa hiyo swali la kuuliza ni: amechemshwa saa ngapi, na amekaa wapi?

Mishikaki angalia brashi tu. Ile inayopaka mafuta na ndimu kwenye nyama mbichi isije ikapaka iliyoiva.

Kachumbari, mwaya, achana nayo. Najua unaipenda. Ni kitu pekee kwenye sahani ambacho hakijaona moto hata kidogo: nyanya, kitunguu na kabichi vilivyooshwa kwa maji usiyoyajua, vikakatwa kwa kisu ambacho mchana kilikata kuku, kwenye ubao ule ule. Hutengenezwa saa kumi alasiri ikaliwa hadi saa tano usiku. Ndimu na chumvi haviiponyi. Sema mapema kabla hawajaimwaga juu, "Usiweke kachumbari," kwa sababu ikishamwagwa, kuiondoa hakusaidii, maji yake yameshaingia. Zile chupa za tomato na chili nazo, mara nyingi huongezwa juu ya mabaki bila kuoshwa, na hukolezwa maji ili zifike mwisho wa wiki. Chupa ikifura, au ikitoa pumzi na harufu ya uchachu unapoifinya, irudishe mezani taratibu.

Ukienda Kibirizi, mwaloni, utatamani migebuka, samaki wa ziwa letu, na utakuwa na haki. Aliyekaangwa asubuhi akarundikwa kwenye sinia bila kawa, nzi wameshamla kabla yako. Omba akaangwe wa sasa, ulipe, usubiri.

Muda mzuri ni saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu. Mafuta yamepata moto, watu ni wengi, hakuna kinacholala. Baada ya saa nne usiku unauziwa kilichobaki. Na umeme ukikatika mchana mrefu, usiku ule usile kuku, maana friji nyingi zimejaa soda na nyama pamoja, na hakuna anayejua barafu iliyeyuka saa ngapi.

Ukifungashiwa, kataa gazeti, wino wake unahamia kwenye mafuta. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imekatazwa, kwa hiyo karatasi ya kaki ndiyo yako. Iache mdomo wazi njiani, ukiifunga mvuke unazilowesha chipsi. Kula ndani ya saa mbili. Kilichobaki usikilaze mezani kwa ajili ya asubuhi.

Huduma? Huku watu ni wapole, lakini ukikaa kimya utasahaulika. Agiza kwa sauti, taja idadi, taja usichotaka, hesabu chenji pale pale. Ukipata kasoro, mrudishie mwenye banda mwenyewe, usimgombeze binti anayehudumu, naye ameletwa tu. Rudisha kabla hujala nusu, la sivyo unajipa ugomvi usio na shahidi. Kikiwa kitu kikubwa, funza au kuku aliyeoza, kuna afisa afya wa kata, na wakubwa wake wako Manispaa ya Kigoma Ujiji. Wanaoshika chakula wanatakiwa kupima afya kila miezi sita. Cheti ukikiona ukutani, soma tarehe. Na penye karatasi ya TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, ukutani ujue ni ya zamani: mambo ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019.

Ikitokea tumbo limekushinda, usikimbilie kulaumu mlo wa mwisho. Kutapika ndani ya saa moja hadi sita, kweli, huenda ni kile ulichokula mchana ule. Kuharisha kwa homa kunaweza kutoka kwenye chakula cha jana au juzi, na taifodi huchukua wiki moja hadi tatu. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unywe kidogo kidogo. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinakuja mfululizo, usiningoje mimi, nenda hospitali saa ile ile.

Kwenye mkoba weka kipande cha sabuni na chupa ndogo ya maji, ndoo zao zikikauka usikwame. Na kwa kuwa unatoka Tabora, usije mikono mitupu: lita mbili za asali, ya nyuki wadogo ukiipata. Funga kifuniko vizuri, garimoshi linatikisa.

Nipigie ukifika stesheni.

Wako shoga,
Mwamvita