Kikombe cha dirishani

Mthatha, Afrika Kusini, Jumapili usiku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Nisamehe kimya changu. Tangu uliponieleza kwamba Bakari hataki watu na usiku anazungumza peke yake, barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha.

Kuna kijana hapa, mtoto wa MamTolo jirani yangu, ana miaka 19. Alianza hivyohivyo. Halali, anasikia anaitwa. Shangazi yake akasema ni intwaso, wazee wa ukoo waliokufa wanamtaka awe igqirha, mganga wao. Kwa Waxhosa huo ni wito wa heshima: unapelekwa kwa igqirha mkongwe, unapakwa udongo mweupe, unavishwa shanga nyeupe, unafundishwa ndoto, ngoma na dawa, pengine kwa miaka. Baba yake mdogo akakataa. Akasema ni amafufunyana, pepo wa kutumwa kwa uchawi, wanaosema ndani ya mtu kwa sauti zisizo zake.

Zuhura, kijana ni yuleyule, dalili zilezile! Jina la kwanza lilimletea watu wa kumtunza. La pili lilipotajwa, kikombe chake kilitengwa, kikawekwa dirishani peke yake. Kile cha bati, chenye ukingo wa buluu. Nilikuwepo kikitolewa kabatini.

Hospitali wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. MamTolo akauliza, "Na hiyo imetumwa na nani?" Nesi, Mxhosa mwenyewe, hakucheka. Akamuuliza nyumbani wanauitaje, akasikiliza yote, impepho, majani ya ubani waliyofukiza, pombe waliyowapikia wazee. Kisha akasema sindano ya kila mwezi isikatizwe, na igqirha aelezwe ili asimpe dawa za kutapisha. Hawa waganga huku wana sheria yao ya mwaka 2007, kwa hiyo nesi hakuona aibu kumtaja. Mimi nadhani angemkaripia yule mama, asingerudi tena.

Sasa kijana analala, na kondoo anachunga mwenyewe. Kikombe bado kiko dirishani.

Najua Mama Shani anasema Bakari ana majini. Usibishane naye, mwache asome dua zake. Ila dua isichukue nafasi ya daktari, wala mganga asiwaambie mtupe vidonge. Na nakuomba kwa udugu wetu, msimfunge kamba. Hata akipiga kelele. Nikikumbuka alivyokuwa akitubebea ndoo kutoka bombani... basi tu.

Hebu niambie, anakula? Usiku nani anakaa naye? Mmeshamuuliza mwenyewe sauti zinamwambia nini, na kama zinamtaka ajidhuru? Hospitali ya mkoa mmefika, au nauli ndiyo imekwamisha? Kama ni nauli sema, nitatuma kabla ya mwisho wa mwezi. Na chakula, anakula pamoja nanyi, sahani moja?

Nijibu upesi.

Ni mimi mwenzio,
Halima