Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti: Mpimeni na Ndugu Yake

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Njoro, tulikozungukwa na ngano, hiyo hiyo inayomuumiza binti yangu.

Wiki jana nilimpeleka kaka yake hospitali (sitaitaja) apimwe damu, kuangalia kama naye ana siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano. "Anaharisha?" La. "Amekonda?" La. "Nani mwingine anaugua kwenu?" Dadake. "Huyo ni mmoja tu, si ugonjwa wa ukoo. Rudi akiumwa." Fomu ikasukumwa nje ya dirisha.

Wewe ni msomi, Mheshimiwa, hili unalijua. Labda halijafika kwenye dirisha lile. Awe mmoja au watano katika ukoo, ugonjwa ni ule ule. Karibu kila mgonjwa ana jeni za HLA-DQ2 au DQ8, na wengi wanaozibeba hawaugui maisha yao yote. Ndiyo maana mzazi mzima kama mimi huweza kumrithisha mtoto. Aliye peke yake mara nyingi hugunduliwa akiwa hoi, kama binti yangu aliyetibiwa minyoo na amiba mpaka akaishiwa damu. Wa ukoo hugunduliwa kwa kupimwa, wengine bila dalili yoyote. Sasa msipopima, si kila mgonjwa ataonekana ni wa pekee? Katika nchi nyingi zilizopima, ni kama mtu 1 kwa 100. Kwa ndugu wa mgonjwa hukaribia 1 kwa 10.

Mlituahidi, siku ile ya mahema na keki (ya ngano, bila shaka), kwamba hatutapelekwa tena maabara za watu binafsi. Tukapiga makofi. Nashuku kuna mtu huko ofisini aliyeamua huu ni ugonjwa wa Wazungu. Au ni bajeti, kama kawaida.

Wimbi la binti yangu nalisaga mwenyewe kwenye jiwe la mama mkwe, maana poshomili yetu husaga na ngano. Hilo silalamikii. Ninalolalamikia ni la kaka yake: ni lazima aendelee kula ngano hadi apimwe, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Kwa hivyo kila jioni namwekea chapati, anakula, anaomba nyingine, nami nampa.

Mpimeni, Mheshimiwa. Ni damu kidogo tu. Mpimeni.

Mama wa watoto wawili,
Njoro