Ufunguo wa mashine uko kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Nimenunua gazeti lako miaka 17 bila kukuandikia hata mstari mmoja, hata mlipokosea msimu wa zabibu. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya madaktari wanaosomea ubingwa kufundishwa upasuaji wa matundu madogo kwa "gemu ya kompyuta", yaani mashine ya mazoezi, imenikera kwa hilo neno gemu, ikanikera tena kwa picha. Nimehesabu: mgeni rasmi, wenye suti kumi na mmoja, utepe, keki. Daktari mwanafunzi simwoni, labda yule aliyekatwa nusu pembeni akiwa ameshika trei ya soda.

Nilikuwa muuguzi wa thieta miaka 26 kabla ya kustaafu na kurudi Hombolo kulima. Nilianza kazi enzi za tumbo kufunguliwa wazi, daktari anaona anachokishika. Matundu madogo ni mambo mengine. Tumbo linajazwa hewa ukaa, kamera inapita tundu moja, vyuma vyembamba virefu vinapita mengine, na daktari anatazama televisheni. Akipeleka mkono kushoto, ncha iliyo ndani inakwenda kulia, kama mwiko uliochomekwa kwenye tundu la kifuniko cha sufuria. Kioo nacho ni bapa, kina cha vitu hukioni. Daktari aliyezoea kisu miaka kumi anageuka mtoto anayejifunza kushika kijiko. Ugeni huo unaisha kwa kurudia na kurudia, na pa kurudia ni kwenye sanduku la mazoezi, tumbo la mtu baadaye.

Mwaka juzi nilimsindikiza binti wa dada yangu kuondolewa kifuko cha nyongo. Hospitali sitaitaja. Walianza kwa matundu, zikapita saa nne, mwisho wakafungua tumbo. Kufungua si kosa. Daktari mwenye akili akiona haoni vizuri anafungua, nami nimesimama na trei siku nyingi za namna hiyo. Kilichonipandisha hasira nilikikuta nikitafuta choo. Nilipita chumba kimeandikwa MAFUNZO, mlango wa kioo, kufuli nje. Ndani mashine ya mazoezi imefunikwa shuka la kijani la thieta (shuka, Mhariri, wakati wodini tuliambiwa tuje na letu), na juu ya shuka birika la chai na vikombe vinne. Nikauliza ufunguo. "Anao mtu wa stoo, mama, amekwenda semina Morogoro." Amekwenda lini? Jumatatu ya wiki iliyopita. Jioni daktari kijana aliyekuwa ameshika kamera kwenye ule upasuaji akaja kumwona mgonjwa, akanisalimu shikamoo, akavuta kiti. Nikamuuliza, mwanangu, ile mashine umeitumia mara ngapi? Mara mbili. Ya kwanza siku ya uzinduzi, aliambiwa ashike vyuma apigwe picha. Ya pili leseni ya programu ilikuwa imekwisha, kioo kikawa kinaomba nenosiri ambalo hakuna anayelijua. Kisha akanifungulia simu yake. Kumbe Marekani tangu 2010 hupewi cheti cha ubingwa wa upasuaji bila kufaulu mtihani wa ujuzi huu, na zoezi mojawapo ni kuhamisha vipande sita vidogo kwa vyuma viwili, upande mmoja hadi mwingine na kuvirudisha. Aliyeiva hutumia sekunde 48. Kumbe mwaka 2002 pale Chuo Kikuu cha Yale, hukohuko Marekani, waliwagawa madaktari 16 mafungu mawili, na waliozoezwa kwenye mashine mpaka wakaiva walibandua kifuko cha nyongo kwenye ini kwa muda pungufu kwa asilimia 29, huku wasiozoezwa wakiwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kifuko au kuunguza pasipostahili. Yote hayo aliyajua, mtoto wa watu. Alichokosa ni ufunguo.

Na maadamu nimeanza, nimalize. Kwa nini misaada inakuja na plagi isiyoingia kwenye ukuta wetu? Ziko mashine nimezijua tangu kuzaliwa hadi kufa: zilikuja na hotuba, zikaungua fyuzi, zikahamia korido, zikawa pa kuwekea mafaili. Fundi wa vifaa tiba yuko mmoja, naye anaitwa kurekebisha feni ya ofisi ya mkubwa. Lakini siku ya kupokea, maturubai, MC, na viti vimefungwa vitambaa vyeupe kama harusi! Mwandishi wako alikula pilau akaondoka. Arudi siku ya mia moja, bila taarifa, aguse mlango.

Shauri langu ni hili. Ufunguo utundikwe kwenye msumari karibu na ratiba ya zamu, ufungiwe kipande cha mti kama ule wa choo cha stendi, usiweze kuingia mfukoni mwa mtu yeyote, awe na cheo gani. Kila Jumatano kila daktari mwanafunzi apewe saa moja ya mazoezi na asiitwe wodini. Mashine ikiomba nenosiri, lichukuliwe boksi la plastiki, litobolewe matundu mawili, simu iwekwe ndani iwe kamera, na vile vyuma vilivyokwisha muda wake vitolewe stoo vifanye kazi. Wa kushona ashone ngozi ya paja la kuku, soko la Majengo wapo wa kutosha. Wa kujifunza wepesi wa mkono amenye zabibu kwa vyuma, akitazama kioo, ngozi itoke yote na nyama isitoboke. Akimenya kumi mfululizo ndipo aongelee nyongo ya binti wa dada yangu.

Zabibu nitatoa mimi, kreti moja kila wiki msimu ukifika, bure, nitazileta mwenyewe kwa basi la asubuhi. Mgeni rasmi sihitaji. Nikiona turubai getini, nageuza na kreti langu naenda kuziuza sokoni.

Muuguzi mstaafu,
Hombolo, Dodoma.