Kwako mdogo wangu, uliyeitwa narsisisti

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu uliponiambia kwamba mchumba wako wa zamani alikuita narsisisti, sijatulia. Ukiuliza maana yake wengi watakujibu: mtu anayejipenda kupita kiasi, basi. Haitoshi. Sitaki ubebe neno zito namna hiyo bila kujua lilikotoka.

Asili yake ni Narcissus, kijana wa hekaya za Wagiriki, mwana wa mungu wa mto. Ovid, mshairi wa Kirumi, alimsimulia yapata miaka 2,000 iliyopita. Mama yake Narcissus alimwuliza mwaguzi Tiresias kama mwanawe ataufikia uzee, akajibiwa: ataufikia, asipojijua. Kijana akakua na uzuri wa kupindukia; wengi wakampenda, yeye hakumjali hata mmoja. Echo, msichana ambaye hakuweza kusema ila kurudia maneno ya mwisho ya mwenzake, alimwendea amkumbatie. Narcissus akamkataa, akasema afadhali yeye mwenyewe afe. Binti wa watu akakonda kwa huzuni mpaka ikabaki sauti. Ndipo mmoja wa waliodharauliwa akaomba Narcissus naye apende asichoweza kukipata. Nemesis, mungu wa kisasi, akaitikia. Narcissus akainama kunywa maji, akaona uso, akaupenda asijue ni wake. Alipokuja kutambua, hakuweza tena kubanduka. Alififia palepale, mahali pake likaonekana ua jeupe lenye kiini cha manjano.

Hebu tazama vizuri, mdogo wangu. Kujitazama majini kulikuwa adhabu. Kosa lilitangulia: watu walimlilia, naye hakuwaona kuwa ni watu.

Wataalamu walilichukua jina hilo baadaye sana. Mwaka 1898 Havelock Ellis, tabibu wa Uingereza, alimtaja Narcissus alipoeleza hali ya mtu kujitamani mwenyewe. Mwaka uliofuata Paul Näcke wa Ujerumani akalitumia kama istilahi. Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, aliliandikia makala mwaka 1914, na hapo akasema kujipenda kwa kiasi kumo ndani ya kila binadamu. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliingiza kama tatizo la haiba, yaani la tabia na mwenendo wa mtu. Siku hizi mwongozo huo unataja dalili 9, na zinatakiwa angalau 5, zilizokita kwa muda mrefu: kiu ya kusifiwa, kuwatumia wengine, kukosa huruma, na nyinginezo. Anayepima ni mtaalamu. Mpenzi mwenye hasira hana mamlaka hayo.

Unapenda picha zako, ni kweli, na kioo hukiachi upesi. Lakini nani aliyekesha na mama alipougua? Nani hukumbuka kuuliza hali yangu kabla ya kusema yake? Yule mchumba wako alikuita hivyo siku uliyokataa kuacha kazi kwa ajili yake. Alinyimwa alichotaka, akatafuta neno la kukuumiza.

Kama bado linakukosesha usingizi, mwone mshauri wa saikolojia, umweleze yote. Ila usimpigie simu yule kumwuliza kama bado anaamini alichosema.

Dada yako akupendaye