Barua ya Malalamiko: Bafu la Ghorofani Linalovuja Kwenye Tundu la Kutolea Maji

Chumbageni,
Tanga.
Juni 2025

Meneja,
Kampuni ya Vifaa vya Bafuni na Ufungaji,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: SHITI YA KUZUIA MAJI ILIYOFUNGWA VIBAYA KWENYE TUNDU LA BAFU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka jana mliniuzia shiti ya PVC (plastiki) ya kuzuia maji, ile inayolazwa chini ya vigae, pamoja na seti ya tundu la kutolea maji, na mafundi wenu ndio waliozifunga kwenye bafu la ghorofani nyumbani kwangu. Vifaa na ufundi vyote nililipia kwenu, risiti ninayo. Chini ya bafu hilo ni chumba cha Mama yangu mzazi. Leo hii dari lake la jipsamu limevimba, lina duara la rangi ya chai linalozidi kupanuka, na kitanda chake kimehamishiwa sebuleni kwa sababu kila mtu akioga juu, chini kunadondoka. Mama ana miguu mibovu, hawezi kupandishwa ghorofani. Kwa hiyo analala mahali wageni wanapopita, katika nyumba ambayo watoto wake wamemjengea apumzike.

Nimekuja ofisini kwenu na nimepiga simu, na majibu ninayopewa hayagusi tatizo. Kwanza niliambiwa ni unyevu wa masika. Masika yamekwisha, jua linawaka, na dari bado linadondosha, tena linadondosha watu wakioga tu. Siku ambazo bafu halikutumika halidondoshi hata tone. Mvua gani hiyo inayosubiri mtu afungue bomba?

Baadaye nikaambiwa grauti, yaani ule ujazo wa kati ya vigae, imechoka, nipake upya. Hapa naomba tuelewane vizuri, maana jibu hili linatoka kwa watu wanaouza vifaa hivi. Grauti haikuwekwa pale kuzuia maji yasishuke, na saruji iliyo chini ya vigae inanyonya maji. Bafu lolote la aina hii, maji kidogo hupenya kwenye viungo vya vigae, yakazama kwenye saruji mpaka yakakuta shiti. Ndiyo sababu shiti inawekwa: iyapokee maji hayo na kuyapeleka kwenye tundu. Shiti ikiwa nzima na ikibanwa sawasawa kwenye tundu, grauti hata ikichakaa chini hakuvuji. Ikibanwa vibaya, kupaka grauti ni kumsumbua mteja bure.

Nilimwita fundi bomba mwingine kutoka Ngamiani, mtu mzima mwenye uzoefu, na nilisimama naye mwanzo mpaka mwisho. Alianza kwa kuingiza mpira wa maji moja kwa moja ndani ya bomba la tundu, bila kulowesha sakafu, akayaacha yatiririke muda mrefu. Chini kukavu kabisa. Maana yake bomba halina kosa. Kisha akaliziba bomba kwa ndani, chini kidogo ya mahali shiti inapobanwa, akajaza maji sakafuni mpaka karibu na kizingiti cha bafu. Haikuchukua muda Mama akaita kutoka chini kwamba dari limeanza.

Tukainua vigae vinavyozunguka tundu. Harufu iliyotoka ilitufanya tufungue dirisha. Saruji ya chini ilikuwa nyeusi na imelowa kiasi kwamba ilichotwa kwa mwiko bila nyundo. Ilipoondolewa, tuliiona kazi ya mafundi wenu, na picha nimeziambatanisha.

Tundu mliloniuzia lina vipande viwili vinavyoibana shiti katikati: kiti cha chini kinachokaa kwenye zege, na ringi ya juu inayokazwa kwa bolti. Utaratibu wake haujifichi. Silikoni inapakwa juu ya kiti cha chini, mzunguko mzima bila kukatika, shiti inalazwa juu yake, inachanwa vitundu vidogo vya kupitisha bolti tu, halafu ringi inakazwa kidogo kidogo kwa kupishanisha bolti ili ibane sawa pande zote. Tundu la katikati la shiti hukatwa mwisho, tena kwa kubana, lisizidi mdomo wa bomba. Kati ya shiti na ringi ya juu hapapakwi kitu, kwa sababu ringi hiyo ina vijitundu vya kutolea jasho, yaani njia ya yale maji yaliyopenya kwenye saruji kuingia bombani.

Mafundi wenu walifanya kinyume. Kwenye kiti cha chini hapakuwa na silikoni hata alama yake. Silikoni yote ilimwagwa juu, ikaingia kwenye vijitundu vya jasho ikaviziba vyote, kimoja baada ya kingine. Nilijaribu kuchokonoa kimoja kwa msumari na kikatoka kipande cheupe kizima, kigumu. Maji yaliyofika kwenye shiti hayakuwa na pa kutokea. Yalikaa hapo, yakaichosha saruji, yakaleta ile harufu tuliyokuwa tukidhani inatoka kwenye mashimo ya choo.

Na upande wa ukutani tundu la katikati la shiti limekatwa kubwa mno. Ukingo wa shiti haufiki kwenye ringi. Nimeingiza vidole viwili kati ya shiti na bolti bila kusukuma. Hapo palipo wazi ndipo maji yanapoteremka kwenye zege. Hata silikoni ya duka zima isingesaidia, kwa sababu hakuna shiti ya kubana.

Bolti zenyewe zimeshika kutu. Tunaishi kando ya bahari, upepo wa chumvi tunaujua sote, na kampuni inayofanya kazi mji huu ilipaswa kuleta bolti za chuma kisichoshika kutu.

Kuna jambo la lami, na hili limeniuma zaidi kwa kuwa lilifanyika baada ya mimi kulalamika. Kijana mliyemtuma kuja kurekebisha alichonga grauti pembeni ya tundu, akapaka lami kuzunguka, akasema tatizo limekwisha. Lami na shiti ya PVC havikai pamoja. Lami huifanya PVC ipoteze ule ulaini wake, ikakakamaa na kupasuka. Sehemu iliyoguswa na lami tayari imekuwa ngumu, ukiikunja inatoa mistari. Kwa hiyo kiraka chenu kimeharibu hata sehemu ya shiti iliyokuwa salama.

Fundi aliweka pia pimamaji juu ya shiti pale palipofunguliwa: imelala bapa. Mteremko mliweka kwenye saruji ya juu peke yake. Shiti ndiyo inayopaswa kuinama kuelekea kwenye tundu, kama sentimita 2 kwa kila mita, vinginevyo maji yakifika hapo yanasimama.

Ninachoomba ni kazi ile irudiwe kwa gharama zenu, na isiwe kiraka kingine. Sakafu yote ya bafu ivunjwe, shiti iliyoguswa na lami itolewe na iwekwe mpya, mteremko utengenezwe chini ya shiti kabla haijalazwa, tundu liwe jipya lenye bolti zisizoshika kutu, na vijitundu vya jasho vifunikwe kwa kokoto ndogo ili saruji isivizibe. Kabla kigae kimoja hakijarudishwa, bomba lizibwe na maji yajazwe sakafuni yakae saa 24, mimi nikiwepo, na alama ya kina cha maji ichorwe ukutani tuone kama yatashuka. Jaribio hilo lingefanyika mwaka jana, Mama angekuwa chumbani kwake.

Dari la jipsamu pia ni juu yenu. Kabla halijafungwa, naomba mtu anayejua zege alikague kwa chini, kwa sababu maji yakizama muda mrefu nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua zege. Sitakubali dari jipya lifunike jambo hilo.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yenye tarehe ya kuanza kazi na jina la fundi atakayesimamia. Nisipopata, nitapeleka malalamiko haya pamoja na picha na risiti kwa Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji.

Bafu nimelifunga. Ringi, bolti na kipande cha shiti chenye lami vipo palepale vilipokutwa, havijaguswa. Mnaweza kuja kuvikagua siku yoyote baada ya saa tisa alasiri. Naomba tu mpige simu kwanza, kwa kuwa mtapita sebuleni anapolala Mama.

Wenu,

Mteja wenu na mwenye nyumba,
Chumbageni, Tanga.

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za tundu na shiti, picha za dari.